Chumba cha Akina Mama na Makatoni Yaliyokuwa Yakihama

Nimestaafu huku nanyonyesha. Wenzangu wanastaafu na bakora na dawa za presha, mie nimestaafu na kanga iliyolowa maziwa begani. Kiwanda kimefungwa, tumepewa haki zetu, na kwa mujibu wa makaratasi sisi sote ni wastaafu. Basi mstaafu ni mimi, na mtoto wangu wa tatu yuko mapajani hapa ananivuta kalamu. Nyie wasichana wa laini ya mwisho, mliohamia kule kwenye kiwanda cha sare za shule, ndio mlioniomba niandike nilivyofanya kazi. Mmesema mnataka mafundisho. Mafundisho sina. Hasira ninazo, na kicheko kingi, na mambo machache ya sindano. Nilipandishwa cheo lini sitawaambia, hayo kamuulizeni aliyenipandisha.

Niliingia kiwandani miaka ya tisini, nimetoka thanawia, yaani sekondari, na matokeo ambayo baba aliyasoma mara moja akayakunja. Basi la kiwanda lilituchukua asubuhi kwenye mzunguko wa barabara pale Hail, Maskati, likatupeleka upande wa viwanda, na mlango ulipofunguliwa nikapigwa na vitu viwili kwa pamoja, baridi ya viyoyozi na kelele. Nilidhani mvua ya mawe inanyesha juu ya bati. Kumbe ni vyerehani tu, safu kwa safu, na watu wameinamisha vichwa kama wanasali.

Laini yetu, safu yetu ya mashine, ilishona mashati ya kiume ya kupelekwa Marekani na Ulaya. Msimamizi wake alikuwa Bi Zuwena, mwanamke mnene wa Unguja aliyekuja Maskati akiwa mtu mzima, mkasi wake umening'inia shingoni kwa utepe mwekundu. Mkasi ule haukuguswa. Afadhali umguse mumewe.

Akaniangalia juu mpaka chini. "Weye umesoma mpaka wapi?"

"Nimemaliza thanawia, Bi Zuwena."

"Basi sahau. Cherehani haijui kusoma. Kaa."

Nikakaa. Akaniweka kwenye kola, kwa sababu kola ndiyo inayomwaibisha mvaaji, akikosea fundi kila mtu anaona. Kitu cha kwanza alichonifundisha hakikuwa kushona, kilikuwa kusikiliza. Aliniziba macho kwa kiganja chake chenye harufu ya mafuta ya mashine akasema, "Sikiliza. Hii inakwenda vizuri. Sasa hii?" Akavuta uzi kidogo. "Inakohoa. Ikikohoa, simama. Ukingojea mpaka itapike, ushachelewa." Mpaka leo nikisikia mwanangu anakohoa usiku mkono wangu unatafuta swichi.

Kitu cha pili ni sindano. Hili nyie mnalijua, lakini nataka mlikumbuke kwa sababu ndilo lililonitia hasira baadaye. Sindano ikivunjika, hupewi nyingine mpaka uilete kipande kwa kipande ile iliyovunjika, mpaka ile ncha isiyozidi punje ya ufuta. Ikikosekana, laini nzima inasimama. Watu wanapiga magoti chini ya meza, sumaku inapitishwa juu ya sakafu, mashati yanakung'utwa. Mara ya kwanza ilivyonitokea nililia. Aliyeiona ile ncha ni Kumari, jirani yangu wa mashine ya kulia, imenasa kwenye shela, mtandio wangu mwenyewe.

Kumari alitoka Sri Lanka na alikaa Ruwi kwenye nyumba ya kiwanda pamoja na wenzake. Chini ya kifuniko cha mashine yake alibandika picha ya watoto wake wawili, na kila asubuhi kabla ya kutia uzi alikifungua kile kifuniko kana kwamba anakagua bobini ya uzi. Kiswahili alijifunza kwetu. Alianza na matusi, kwa sababu ndiyo tuliyomfundisha kwanza, kisha akafika kwenye salamu. Kwa muda mrefu alimwamkia Bi Zuwena kwa neno ambalo sitaliandika hapa, na Bi Zuwena akawa anaitikia, "Marahaba mwanangu," na jicho lake liko kwetu.

Sasa niwaeleze vyeti, maana nyie mlikuja mkavikuta ukutani vimetiwa fremu mkadhani ni mapambo. Wanunuzi wa nje walikuwa hawatosheki na kola iliyonyooka. Walitaka na cheti kwamba shati limeshonwa kwa haki, hakuna mtoto mdogo kwenye mashine, watu wanapumzika, choo kina maji, mlango wa dharura uko wazi, mama anayenyonyesha ana pahala pa kunyonyeshea. Mambo mazuri, siyapingi. Lakini kila mnunuzi alikuwa na cheti chake na mkaguzi wake, na kila mkaguzi anakuja na siku yake na maswali yake, na siku hiyo inajulikana. Tulijuaje? Kwa pua. Ukiingia chooni ukakuta sabuni inanukia, leo kuna mkaguzi. Kesho yake sabuni imerudi kabatini kwa mudir, meneja wetu.

Mudir wetu alikuwa Mista Rajan, mtu wa Kerala, kule India. Nimemwonea hasira miaka, kwa hiyo niseme na haki yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa tarehe ya meli. Ukimwambia mama yako anaumwa, atakuuliza shati ngapi zimebaki, kisha atakupa gari ya kiwanda ikupeleke hospitali. Alisema nasi Kiarabu cha sokoni, na Kiswahili alichookota kwetu kama mtu anavyookota vifungo vilivyoanguka, kimoja kimoja, rangi mbalimbali.

Nikaolewa, nikamzaa Raya, arubaini ikaisha, likizo nayo ikaisha. Nikarudi kazini kifua kimejaa mawe. Raya alikuwa amebaki Hail kwa mama mkwe, na Raya ni Raya, chupa aliikataa. Waliitia maziwa ya kopo, akayatema. Waliitia maziwa yangu mwenyewe, akayatema vilevile, akamwangalia bibi yake kwa dharau. Alikuwa akinigoja mimi mpaka basi linirudishe jioni, analia, mama mkwe naye analia. Mimi kiwandani nilikwenda chooni kujikamua kwenye beseni la kunawia, mlango hauna komeo, mguu wangu mmoja umeuzuia. Maziwa ya mwanangu yalikuwa yakiingia kwenye bomba la maji machafu. Nikirudi kwenye mashine nakuta watu wamepiga magoti wanatafuta ncha ya sindano ya mtu. Mwaona? Ncha ya sindano ina watu wa kuitafuta.

Mume wangu Said alisema kwa upole, "Acha kazi, Asila. Mtoto anakonda."

Kweli alikuwa anakonda. Ningeweza kuacha. Lakini nilikuwa naipenda ile kazi, na hili wanawake tunaona haya kulisema. Nilipenda kola ikigeuzwa na ncha zake zikatoka kali. Nilipenda kelele na umbea wa basi. Nilikuwa najua kwamba nikitoka kwa ajili ya kunyonyesha sitarudi tena, kwa sababu baada ya Raya angekuja mwingine, na mwingine.

Siku moja nilikwenda nyuma kuchukua katoni za kufungia mashati, nikaona kibao mlangoni ambacho nilikuwa nikikipita kila siku bila kukisoma. Kimeandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza, maana yake Chumba cha Akina Mama, na pembeni picha ya mwanamke na kichanga. Nikasukuma mlango. Makatoni. Kutoka sakafuni mpaka darini, na kwenye pembe moja miguu ya kitanda cha mtoto imetokeza juu kama mbuzi aliyekwisha chinjwa.

Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa Mista Rajan na pini za kola bado ziko mdomoni.

"Kile chumba cha nani?"

"Chumba ipi, Mama Raya?"

"Kilichoandikwa cha akina mama."

"Aa, ile." Akatabasamu kama mtu aliyeulizwa habari za jamaa wa mbali. "Ile chumba ya ukaguzi."

"Na mimi ninayenyonyesha?"

"Wewe nyonyesha nyumbani. Ukaguzi ikija, wewe leta mtoto. Vizuri sana mtoto akiwa mzima, mnene."

Sikumtemea zile pini. Mpaka leo najipongeza.

Bi Zuwena ndiye aliyenieleza safari za yale makatoni. Alikuwa anazijua kama mtu anavyojua ratiba ya basi. Akija mkaguzi wa moto, ambaye shida yake ni milango ya dharura, makatoni yanatolewa kwenye korido ya nyuma yanaingizwa kwenye chumba cha akina mama, mlango unafungwa kwa ufunguo, inasemwa ni stoo. Akija mkaguzi wa akina mama, makatoni yanatolewa chumbani yanapangwa koridoni mbele ya mlango wa dharura, na mkaguzi anapitishwa njia ya mbele. Wakaguzi wenyewe hawajapata kuonana. Kiwanda kilikuwa na vyeti viwili na pahala pamoja pa kuweka makatoni, basi makatoni yalikuwa yakihama kama Mabedui.

"Na hakuna anayesema?" nikamuuliza.

"Aseme nani? Cheti kikivuliwa, mnunuzi hayupo. Mnunuzi hayupo, mie na weye tuko nyumbani tunapepea nzi."

Hapo ndipo penye kisu, na nataka mpaelewe. Cheti kile kilikuwa kinanidhulumu kwa jina langu, tena kwa picha. Na ukikipigia kelele, unakata mkate wa watu wote.

Haikupita muda ikanukia sabuni. Mkaguzi anakuja, wa akina mama, Mwingereza aitwaye Bi Helen. Tukaambiwa wenye vichanga tuje nao kwenye basi. Tulikuwa wachache, na basi siku hiyo lilikuwa harusi. Kila mtu anataka kumbeba Raya. Kumari alimpakata kutoka kituo cha mwisho mpaka kiwandani, hakumpa mtu, akawa anamwimbia kwa lugha yao.

Chumba kilikuwa kimefagiliwa. Vitanda vimegeuzwa miguu chini, mkeka mpya, pazia la maua, hata kiti cha kubembea. Sisi wanawake tulisimama mlangoni tukakodoa macho. Nikamnyanyua Raya niingie naye, Bi Zuwena akaninyooshea mkono kama askari wa barabarani.

"Unakwenda wapi na mtoto?"

"Ndani."

"Chumba hakijakaliwa, kimelala na makatoni mwaka mzima, unakiingiza kichanga bila kufukizwa? Nyie mmesoma nini huko thanawia?"

Nyie ni watu wetu, mnajua. Hakuna nyumba mpya kwetu inayoingia mtoto kabla ya moshi wa ubani kupita kila pembe. Hakuna aliyebisha. Bi Zuwena alikuwa amekuja amejiandaa, ndani ya mkoba mna chetezo cha udongo cha soko la Matrah, ubani, na udi alioufunga kwenye leso. Makaa aliyapata kwa mlinzi, anapochemshia chai yake getini. Nikasema, "Bi Zuwena, moto umekatazwa kiwandani, kuna vitambaa." Akanijibu, "Moto sio huu, makaa tu." Akafunga mlango ili moshi usipotee bure, akaanza kuzungusha chetezo na kusoma, sisi tukiitikia, na kile chumba, wallahi, kwa mara ya kwanza kikawa chumba.

Sasa, darini palikuwa na kidude cheupe cha duara. Kidude cha moshi. Kiliwekwa kwa ajili ya cheti cha yule mkaguzi mwingine, wa moto, na hapana aliyeamini kinafanya kazi. Kilikuwa kinafanya kazi.

King'ora kililia mpaka meno yakaniuma. Vyerehani vikazimwa vyote kwa mkupuo, na ule ukimya chini ya king'ora ulitisha kuliko king'ora chenyewe. Watu wakafanya walivyofundishwa kwenye mazoezi, wakakimbilia mlango wa dharura ulio karibu nao. Na ulio karibu na laini yetu ni ule wa korido ya nyuma. Mimi nimemkumbatia Raya, Kumari yuko mbele yangu, tumegeuka kona, makatoni. Ukuta mzima. Nyuma yetu watu wanakuja.

Sisi wa chumbani tulijua ni ubani. Wao hawakujua. Kuna dada mmoja alikuwa anapiga shahada. Kumari hakungoja. Alipanda juu ya makatoni kama anapanda ngazi, akayapiga teke la juu yakaporomokea upande wa pili, akanigeukia na mikono wazi. "Lete mtoto!" Nikampa. Nikamwona mwanangu anapita juu ya mashati ya watu wa Marekani, kanzu yake imempanda kifuani, anacheka. Alikuwa anacheka, mtoto yule! Wanaume wa chumba cha pasi wakafika wakayavunja yaliyobaki, mlango ukasukumwa, jua la saa nne likatupiga usoni.

Nje tulijipanga kwa laini. Na nani anatoka wa mwisho nyuma yetu, anaruka makatoni na viatu vyake mkononi, nywele zimemtimka, Bi Helen mwenyewe. Waliompitisha njia ya mbele walimwacha peke yake king'ora kilipolia, naye akafuata watu. Mista Rajan akamjia mbio kutoka upande wa pili, shati limemganda.

Bi Zuwena alikuwa wa mwisho kabisa. Alitoka taratibu na chetezo chake mkononi, bado kinafuka.

Bi Helen akakiangalia, akatuangalia. Akauliza kwa Kiingereza ule ni moshi gani. Kiingereza cha kueleweka kwenye laini yetu nilikuwa nacho mimi, cha thanawia.

"Mwambie ubani," akasema Bi Zuwena. "Mwambie tungemfukiza na yeye, ana uchovu wa safari."

Nikamwambia. Bi Helen alicheka. Kisha akaacha kucheka, akageuka akautazama ule mlango na makatoni yaliyomwagika.

"Haya makatoni," akasema, "siku zote huwekwa wapi?"

Mista Rajan akawahi. "Ya muda tu, madamu. Leo tu. Yanasubiri gari."

Lakini mkaguzi alikuwa ananitazama mimi. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilikuwa nimebeba mtoto, labda kwa sababu uso wangu haujui kufunga mlango. Nilijua yaliyoko upande huu na yaliyoko upande ule. Upande huu mkate wa kila mtu niliyekuwa nimemuona akikimbia. Upande ule Raya, ambaye sasa hivi tu amepitishwa juu ya vichwa kama mzigo. Nikafikiri, hawa watu wote dakika chache zilizopita walidhani wanaungua. Mkate gani wa kuungulia?

"Yanawekwa chumbani kwa mwanangu," nikasema. "Wewe ukija, yanawekwa hapa. Akija mwenzako wa moto, yanarudi kule. Nyie wawili mngekuja siku moja tungekuwa na pahala pa kunyonyesha na pahala pa kukimbilia."

Basi. Yalikwisha toka. Mista Rajan alifumba macho.

Njiani kurudi nyumbani jioni ile basi halikuwa harusi. Kulikuwa na mdada, simtaji, alisema kwa sauti ya kunifikia, "Wengine wakizaa, na akili hutoka na kondo." Na mwingine, "Cheti kikienda, atatulisha yeye kwa maziwa yake." Niliangalia dirishani. Raya alikuwa ananyonya, wala hana habari.

Bi Zuwena alisimama katikati ya basi linalokwenda, kitu alichotukataza sisi sote. "Aliyewasha moshi n'nani? Mimi. Mwenye neno aje kwangu, nna mkasi." Kisha akakaa kitini mwake akaninong'oneza, "Lakini ungesema kwa upole, mwanangu. Mdomo wako kama overloki, unashona na kukata hapohapo."

Siku zilizofuata nilikuwa nakwenda kazini kila asubuhi nikidhani ndiyo ya mwisho. Mista Rajan hakunifukuza wala hakunisalimia, alikuwa akinipita kama nilivyokuwa nikiupita mimi ule mlango zamani. Mpaka jibu likaja. Cheti hakikuvuliwa. Kiwanda kilipewa muda wa kurekebisha, na mkaguzi wa akina mama na mkaguzi wa moto watarudi pamoja. Siku moja! Nilicheka mpaka nikatia uzi mahali sipo.

Mista Rajan alijenga banda la bati uani kwa ajili ya makatoni. Kazi ya mchana mmoja, mafundi wakala na chakula chetu. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote na linanikera mpaka leo. Ilikuwa mchana mmoja tu. Miaka watu wanahamisha makatoni mbele na nyuma, na tabu yote ya uongo ilikuwa kubwa kuliko kazi ya kulijenga lile banda.

Chumba kikabaki chetu. Raya akawa anakuja kwenye basi, na wengine wakafuata, na mama mmoja mtu mzima akaajiriwa kuwaangalia. Yule mdada wa kondo, alipozaa, alimleta mwanawe wa kwanza kabisa mlangoni, akaniambia, "Nisogezee mkeka." Nikamsogezea. Kila aliyebamiza mlango alipigiwa kelele na nusu ya laini, "Mtoto amelala!" Ilikuwa haijalishi kama amelala au yu macho anapiga mayowe. Mista Rajan mwenyewe ilimpata, tena mara nyingi, maana alikuwa na mkono mzito wa mlango. Mara ya kwanza alikasirika. Baadaye akaja akafunga bawaba kipande cha mpira, kwa mikono yake, tai imetupwa begani.

Kumari alikuwa akipitia kule kila wakati wa chai. Alikaa kwenye kile kiti cha kubembea na mtoto yeyote aliyemkuta, chai inapoa. Wakaguzi walipokuja walimkuta hapo, wakaandika kwamba hata wafanyakazi wa kigeni wananufaika na chumba. Hakuna aliyemuuliza watoto wake wako wapi. Cheti kilikuwa na swali la mtoto aliyeko kiwandani, hakikuwa na swali la mtoto aliyeachwa ng'ambo ya bahari kwa bibi yake. Nilitaka kusema. Kumari akanishika mkono. "Acha, Asila. Nikikaa hapa, nimekaa nao." Hilo sijalisamehe, na simjui wa kumnyima msamaha.

Miaka ikaenda, akaja wa pili. Mnunuzi mmoja akaleta jambo jipya, hili mmelikuta nyie. Kijikaratasi chenye jani la kijani cha kufungwa kwenye kifungo cha juu. Kimeandikwa kwamba moshi wote uliotokana na shati hili umelipiwa, miti imepandwa kufidia. Tulikifunga kwenye mashati mpaka vidole vikawa na rangi.

"Miti iko wapi?" Kumari akauliza.

"Nchi ingine," akasema Mista Rajan.

Bi Zuwena akakigeuza kile kijikaratasi huku na huku. "Na moshi wa chetezo changu, umelipiwa huo? Maana ndio moshi pekee hapa uliofanya kazi ya maana."

Tulicheka, lakini niwaambie jambo lisilochekesha. Jenereta la kiwanda lilikuwa nyuma ya dirisha la chumba cha watoto. Umeme ukikatika likinguruma, ule moshi uliolipiwa ulikuwa unaingia palepale kwenye vitanda. Huenda mti ulikuwa unauvuta mwingine huko ulikopandwa, sijui. Huu wetu ulikuwa unavutwa na mwanangu. Nilikwenda ofisini, safari hii nimezitoa pini mdomoni kwanza. Mista Rajan hakungoja nimalize. Alitoka akaliangalia dirisha, akaliangalia jenereta, akakuna kichwa. Siku iliyofuata fundi alikuja akarefusha bomba la moshi mpaka juu ya paa. Hapakuwa na mkaguzi. Hapakuwa na sabuni chooni. Nilirudi kwenye mashine yangu nikashindwa kukasirika mpaka wakati wa chai.

Basi mkija kuulizwa vyeti ni vizuri au vibaya, msijibu haraka. Bila kile cheti kusingekuwa na kibao mlangoni, na mimi nisingejua nidai nini. Na kwa cheti peke yake, ningekaa na kibao na makatoni. Kibao kinakuonyesha mlango tu. Kuusukuma ni juu yenu, na mkiweza nendeni na chetezo.

Kisha mashati yakapata nchi nyingine ya kushonwa kwa bei rahisi zaidi. Wanunuzi walikuja watu wazuri, wakasema maneno mazuri, wakavisifu vyeti vyetu ukutani, wakaondoka. Kiwanda kilikuwa na kila cheti walichowahi kukitaka. Hakuna cheti kinachomfunga mnunuzi abaki. Andikeni hilo mahali.

Siku ya mwisho mimi nilikuja kuchukua vitu vyangu tu, maana wa tatu huyu alikuwa wiki chache na nimemwacha Hail. Huyu chupa anaikubali, mstaarabu. Kumari alikuwa amekwisha kuondoka wiki ile, kifuniko cha mashine yake kina alama nne za gundi mahali pa picha. Bi Zuwena alikuwa ananivulia mkasi shingoni mwake anipe, na mimi nakataa, na yeye ananiambia nisijifanye. Vyerehani vinafunguliwa skrubu, vinatiwa kwenye makatoni. Banda la nje limejaa, ofisi imejaa, ukumbi hapana pa kukanyaga. Pahala palipokuwa patupu ni pamoja tu, chumba cha akina mama. Wabebaji, vijana wageni wasiotujua, wakainua makatoni wakaelekea nyuma, mmoja akausukuma ule mlango kwa bega.

Mista Rajan alikuwa upande wa pili wa ukumbi na karatasi zake. Alimwona, akaruka vitu, akafika akaweka mkono kwenye mlango.

"Hapo hapana," akawaambia kwa Kiswahili, vijana wa watu wasiojua hata neno. Kisha akashusha sauti, kama tulivyomfundisha. "Mtoto amelala."

Ndani mlikuwa na mkeka, kiti cha kubembea, na chetezo dirishani. Vijana wakachungulia, wakatazamana. Maneno hawakuyaelewa, ile sauti waliielewa. Wakageuza makatoni yao wakayapeleka uani juani, wakitembea kwa ncha za vidole.